Niliuma ncha tu

Jumamosi, saa kumi jioni. Mvua imenyesha ikaacha. Ukungu umekaa juu ya paa la jirani kama mgeni asiyejua kuaga.

Hili sijamwambia mtu yeyote. Hata padri. Tangu litokee nimepiga magoti kuungama mara mbili, na mara zote mbili nimesema nilimjibu vibaya mdogo wangu, nikapewa sala tatu, nikaenda zangu.

Shangazi Beata hakulogwa. Alikula sambusa zilizoharibika. Mimi ndiye niliyezipasha moto, nikijua, na nilipozionja mbele yake niliuma ncha tu.

Ile kona ngumu, isiyofikiwa na nyama.

Nyinyi kumi na wawili mnaosoma blogu hii hamjui jina langu, ndiyo maana naweza kuandika. Mnajua tu kwamba shuleni tunasoma kwa Kinyarwanda na Kiingereza, na kwamba mimi nanyamaza katika lugha zote mbili. Kiswahili ni cha nyumbani, cha Mama, aliyezaliwa Tanzania. Mnajua pia kwamba nikisikia miguu kwenye korido nafunika kompyuta na kufungua daftari la kemia. Nimefanya hivyo muda mrefu hivi kwamba Mama anaamini napenda kemia.

Nianze na Jumapili ile ya komunyo ya kwanza ya mdogo wangu, Didi. Ni wiki sita sasa.

Mama aliagiza sambusa kwa Mama Zawadi, anayekaa nyumba ya nne kutoka kwetu. Alirudi kutoka Kongo na binti yake, na mtaani wakamwita "yule wa Goma" hata baada ya miaka yote hii. Huyo binti, Zawadi, anakaa nami dawati moja. Ndiye mtu pekee darasani anayeongea nami bila kungoja jibu.

Kwetu, anayeleta chakula au kinywaji anaanza yeye. Chupa inafunguliwa mbele yako, mwenyeji anameza funda la kwanza, ndipo anakupa. Hakuna anayesema kwa nini. Kila mtu anajua kwa nini.

Mama Zawadi alikuja na masinia mawili, shavu moja limevimba kama amefichia ndimu humo. Jino lake lilikuwa limeng'olewa jana yake. Nilimpokea mlango wa nyuma, mimi peke yangu. Akaniambia, "Mwanangu, leo unionjee weye. Mi hii mudomo hainiruhusu hata uji."

Nikaonja kwa niaba yake. Nilikula moja nzima, palepale, nimesimama kando ya pipa la maji. Ilikuwa tamu. Nyama, kitunguu, pilipili kidogo, majani ya giligilani. Akanitazama nikitafuna, akatabasamu kwa upande ule mzima wa uso.

Naomba mkumbuke hapo.

Mchana kutwa nilizungusha masinia. Sikula kitu. Mimi siwezi kula mbele za watu. Nikiona macho, chakula kinageuka pamba. Na wanawake wa kwetu wana macho. Msichana akichukua ya pili wanaulizana kwa sauti ya kusikika kama ameachishwa jeshi. Kwa hiyo jioni, wageni walipoondoka na friji imejaa soda zilizobaki, Mama akaniambia nizihifadhi sambusa kumi na nne zilizosalia. Nikazihifadhi. Chini ya kitanda changu, ndani ya kopo la plastiki lenye kifuniko cha bluu.

Nilitaka kuzila peke yangu, mlango umefungwa. Hilo tu.

Usiku huo nilikula tatu. Jumatatu, mbili. Jumanne nilifungua kopo, nikaona kifuniko kimetoa jasho kwa ndani, na harufu ikapanda, chachu kidogo, kama maziwa yanayowaza kugeuka. Nikalifunga. Nikasema nitazitupa kesho, Mama asione.

Kesho yake akaja Shangazi Beata.

Ni dada mkubwa wa Baba. Ana duka la vitenge Mahoko, na ana ulimi. Siku ya komunyo aliinua sambusa moja ya Mama Zawadi juu kama anauza mnadani, akasema mbele ya wageni wote, "Hii ni nini? Ni upepo mumekunja?" Watu wakacheka sana. Mama Zawadi alikuwa mlangoni, ameshika shavu lake, akacheka pia. Hana jinsi.

Jumatano hiyo hakukuwa na mtu nyumbani ila mimi. Shangazi aliketi, akavua viatu, akaangalia kuta.

"Mama yako iko wapi?"

Kazini, nikasema. Nadhani nilisema. Labda niliwaza tu.

"We mutoto, ulimi wako ulibakia hospitali siku ulizaliwa? Ongea! Nimetoka Mahoko na pikipiki, vumbi imejaa mpaka ndani ya meno. Hamuna hata kitu ya kutafuna? Nyumba ya kaka yangu imekuwa jangwa?"

Kisha akacheka, akaongeza, kama mtu anayeweka chumvi, "Huyu ataolewa na ukuta."

Nilikwenda chumbani. Nikapiga magoti. Nikavuta kopo.

Mama alinifundisha jinsi ya kupasha sambusa ya jana. Haiingii kwenye mafuta tena. Kikaango kikavu, makaa machache, unafunika, unangoja. Ngozi inakauka polepole na ndani panapata moto sawasawa. Ukiwa na haraka ukairudisha kwenye mafuta, nje inaungua na katikati inabaki baridi kama jiwe la ziwani.

Najua kupasha sambusa. Sikukosea.

Nilichochea makaa uani mpaka yakawa mekundu, nikamimina mafuta ya Jumapili yaliyobaki kwenye chupa, yale meusi, nikangoja yaanze kutoa moshi. Mafuta yakichemka hivyo yanaua harufu yoyote. Nikatumbukiza sita. Zilipiga kelele. Ngozi ilitoa malengelenge, kingo zikawa nyeusi, na kitunguu kilichochungulia kwenye mishono kikageuka mkaa. Dakika moja, au pungufu. Nikaziopoa, nikazipangusa kwa karatasi, nikakamulia limau, nikaweka pilipili ya mafuta pembeni. Nikainamisha pua. Limau na pilipili tu.

Zilipendeza. Hakika zilipendeza.

Nikaingia na sahani, nikachukua moja mbele yake kama inavyotakiwa, nikaiuma. Ncha. Ilipasuka kwa sauti, na Shangazi akaridhika na ile sauti. Nikageuka kama ninayeenda kuleta maji, na ile iliyobaki mkononi nikaitupa kwenye jivu.

Alikula tano.

"Eheee! Sasa hii ndiyo sambusa!" alisema. "Kumbe unajua kitu."

Hapa ndipo ninapotaka kudanganya hata nikiwa naandika bila jina. Nataka kuandika kwamba niliogopa, kwamba sikuwa na kingine cha kumpa, kwamba nilidhani moto utaua kila kitu. Yote ni kweli na yote hayatoshi.

Nilitaka tumbo limuume. Kidogo. Usiku mmoja. Nilitaka alale chini anyamaze.

Hakuumwa kidogo. Alitapika mpaka asubuhi, kisha akapelekwa kituo cha afya amebebwa, akatundikiwa maji siku mbili. Muuguzi aliandika kwenye karatasi kwamba ni chakula kilichoharibika. Shangazi aliikunja ile karatasi mara nne, akaiweka kwenye sidiria, akasema, "Huyu mutoto wa juzi anajua nini?" Akatafutiwa mama mmoja kule Rugerero anayewapa watu dawa ya kutapisha sumu. Akatapishwa tena, mtu ambaye hakuwa na kitu tumboni. Yule mama akawaonyesha kitu cheusi juu ya jani la mgomba. Baba alituhadithia jinsi kilivyokuwa: chembamba, kimejikunja, kimeungua.

Nilikuwa naosha vyombo. Niliendelea kuosha.

Jumapili iliyofuata ukoo ulikusanyika kwa Shangazi, Mahoko. Alikuwa amekonda, macho yameingia ndani, lakini ulimi mzima. Alikuwa ameshajua kwamba sambusa zile zilikuwa masalia ya komunyo, akasema hana adui ila yule wa Goma, aliyemkasirikia kwa sababu ya ule mzaha wa upepo. Mjomba mmoja akauliza mbona wageni wa komunyo hawakuugua. Shangazi akamjibu kama anamfundisha mtoto, "Sumu inajuaka mutu yake."

Wote wakaguna. Lilikuwa jibu zuri. Halihitaji kitu kingine.

Mama akanigeukia. Aliuliza taratibu, kwa Kiswahili chake safi, "Zile ulizompasha shangazi yako, ulikuwa umezihifadhi wapi?"

"Kwenye friji."

Sikusitasita. Mimi ninayechukua dakika nzima kusema jina langu mwalimu akiita, nilijibu kama redio.

Kisha Shangazi akauliza swali lake. "Na siku ya komunyo, ni weye ulipokea masinia. Yule mwanamuke alionja?"

Sebule nzima ilinitazama. Watu kumi na kitu. Nilihesabu vikombe vya chai ili nisihesabu macho. Ningeweza kusema: jino lake liling'olewa. Ningeweza kusema: aliniomba nionje mimi, nikala nzima, na niko hai. Yalikuwa maneno machache tu.

"Hakuonja," nikasema.

Ni kweli. Hakuonja. Sijawahi kusema ukweli mbaya kama ule.

"Mumesikia?" Shangazi alipiga makofi. "Mutoto hasemaki, lakini akisema! Huyu iko na akili kuliko wote humu ndani."

Na hapa kuna jambo lingine ambalo ningependa lisiwe kweli. Nilijisikia vizuri. Shangazi mdogo alinisogezea kiti. Baba aliniwekea mkono begani. Kwa mara ya kwanza watu walikuwa wamengoja nimalize sentensi. Ilikuwa sentensi ya neno moja, na nilitembea nayo hadi kituo cha basi kama mtu aliyevaa nguo mpya.

Wiki hiyohiyo Mama Zawadi alipoteza oda ya harusi. Iliyofuata, oda ya matanga. Watoto walianza kukimbia wakipita kwake wameziba pua. Asubuhi moja alikuta mtu amemwaga jivu mbele ya mlango wake. Alifagia bila kuuliza ni nani. Akaja kwetu na chupa ya maji na sambusa mbili, akamwambia Mama atazila mbele yake, zote, Mama atazame. Mama hakumfungulia geti. Alisimama nyuma ya pazia akisema polepole, "Ee Mungu, ee Mungu," mpaka alipoondoka.

Mama si mkatili. Nataka mjue. Aliamini neno la binti yake.

Na shuleni wakampa Zawadi jina: Sumu. "Bana, musikae karibu na Sumu, atawapulizia!" Chupa yake ya maji ikawa haikopwi tena. Alipopiga chafya darasani, safu nzima iliinama chini ya meza, na mwalimu akacheka kabla hajakumbuka kukasirika.

Zawadi hakuacha kukaa nami. Siku moja wakati wa mapumziko alifungua kitambaa chake, mna sambusa moja. Aliikata katikati. Akala ile nusu yenye nyama nyingi, polepole, ananitazama, akameza, kisha akafungua mdomo wote nione, kama mtoto aliyepewa dawa. Akaninyooshea nusu ya pili.

Watu walikuwa wanaangalia.

"Nimeshiba," nikasema.

Tumbo langu likanguruma palepale. Alilisikia. Alirudisha ile nusu kwenye kitambaa, akakunja kona moja, ya pili, ya tatu, ya nne, akaweka kwenye begi. Tangu siku hiyo anaongea nami kwa Kiingereza tu, kama tunavyoongea na mwalimu.

Leo asubuhi ilikuwa umuganda, kazi ya pamoja ya kila mwisho wa mwezi. Mtaa mzima tulifyeka majani kando ya mfereji, kisha tukakaa kwenye nyasi kwa mkutano. Nilidhani wataongea habari za taa za barabarani. Mwenye duka la kona akasimama, akasema kuna jambo linanuka na watu wanaogopa kulitaja. Hakumtaja. Vichwa vikamgeukia Mama Zawadi vyenyewe.

Kiongozi wa mudugudu, yaani wa mtaa wetu, alisema hataki kusikia habari za sumu bila ushahidi. Kisha akasema pia kwamba, hata hivyo, mtu akae mahali anapopata amani. Tulielewa ni sentensi ipi aliyoikusudia.

Mama Zawadi akasimama. Buti zake zilikuwa na matope, panga lake bado mkononi. Aliliona, akaliweka chini taratibu ili mtu asiseme neno.

"Bon," alisema. "Nimewapikia ndoa. Nimewapikia matanga. Nimewapikia batizo ya batoto yenu. Kuko mutu alikufa? Mutu mumoja tu?"

Sauti ikatoka nyuma: "Kwani bado unatafuta wa kwanza?"

Watu walicheka. Kicheko kile cha kuinamia magoti. Alingoja kiishe, kama anayengoja gari lipite ndio avuke.

"Jumatatu naenda Kanzenze kwa wifi yangu," akasema. "Nitalima viazi. Viazi haviulizake nani ameonja."

Nilicheka nami. Nilisahau kuandika hilo pale juu, au sikusahau. Ule mzaha wa "wa kwanza" uliponifikia, mdomo wangu ulifunguka pamoja na midomo mingine, na nilipouinua uso, Zawadi alikuwa ananiangalia mimi. Si aliyesema. Mimi.

Ataacha shule yetu. Kule ataingia wapi sijui, katikati ya muhula. Lile lori linaloleta viazi sokoni hurudi tupu Jumatatu asubuhi, na ndilo litakalobeba vitu vyao: vitanda viwili, majiko, kile kikaango kipana chenye mpini uliofungwa waya.

Siku nyingi namalizia hapa kwa kuandika kwamba kesho nitakuwa jasiri. Nimeangalia nyuma; nimeiandika mara tisa. Kesho ni Jumapili, na watakuwa bado wapo, na nitasema bado upo muda. Najijua.

Nasikia geti.

"Hodi! Hodi humu! Mama Keza!"

Ni Mama Zawadi. Na Keza ndilo jina langu, sasa mmelijua. Nilikuwa nimelifuta, nimelirudisha.

"Mama Keza, mi siingie! Nimeleta sinia yenu tu! Sitaki kwenda na kitu ya mutu!"

Ni sinia letu, la siku ya komunyo. Lilibaki kwake tangu alipokuja kuchukua masinia yake mawili, tukachanganya. Mama hajajibu. Najua yuko nyuma ya pazia. Najua atakachofanya: hatalishika mwenyewe, atanituma mimi nilipokee, kisha tutalisugua kwa jivu na maji ya moto na kuliweka nje siku tatu.

Kandambili zimeanza kwenye korido. Za Mama zinaburuza mguu wa kushoto.

Daftari la kemia liko hapa, mkono wa kulia, limefunguliwa tayari kwenye ukurasa wa asidi. Nimelifunga. Nimesimama nikatoa komeo mlangoni, nikarudi kukaa. Herufi zikirukaruka, mtanisamehe. Nimepandisha ukurasa mpaka juu kabisa na kuandika huku chini bila kutazama. Nimegeuza kompyuta ielekee mlango.

Huko nje ameacha kuita. Lakini hajaondoka, nasikia sinia likigusa geti.

Kandambili zimesimama.

Anzia juu, Mama.